Alama zisizoonekana na vishika nafasi katika matini ya kidijitali

Alama isiyoonekana ni alama iliyopewa namba yake katika orodha ya Unicode na kuhifadhiwa katika faili sawasawa na herufi nyingine, ila haichorwi kwa umbo lolote kwenye skrini wala kwenye karatasi. Kishika nafasi ni jamaa yake wa karibu: huweza kuwa na umbo, au kuwa na upana mtupu, lakini hakijisemei chenyewe, bali husimama mahali pa kitu ambacho hakipo, hakikusomeka au bado hakijawekwa. Makundi haya mawili ndiyo chanzo cha mengi yanayomtatiza mtu anayehamisha matini ya Kiswahili kutoka faili moja hadi nyingine.

Tatizo hujitokeza hivi. Mwanafunzi ananakili neno kitabu kutoka faili moja, analibandika katika kisanduku cha kutafutia cha kamusi, na kamusi inajibu kwamba neno hilo halimo. Analifuta, analiandika upya kwa kibodi, herufi zile zile sita, na maana inatokea. Hakuna aliyekosea tahajia. Neno la kwanza lilikuwa na alama saba: herufi sita, na nyuma yake nafasi ya upana sifuri, U+200B. Kompyuta hailinganishi maumbo, hulinganisha namba. Kwake, kitabu na kitabu[200B] ni maneno mawili, kama vile kitabu na kitambi yalivyo maneno mawili.

(Katika makala haya alama isiyoonekana huonyeshwa kwa namba yake ndani ya mabano ya mraba. Kuiweka yenyewe kungekuwa kumtegea msomaji mtego ule ule unaoelezwa.)

Nafasi ambazo si nafasi

Nafasi ya kawaida, ile inayotolewa na kitufe kirefu cha kibodi, ni U+0020. Inayofanana nayo zaidi ni nafasi isiyokatika, U+00A0. Kwa macho hazitofautiani hata kidogo. Tofauti ni kwamba nafasi isiyokatika huzuia maneno yaliyo pande zake mbili yasitenganishwe mstari unapoisha, na kwa hiyo ina kazi halali katika Kiswahili: kati ya «saa» na «2», kati ya «Sh.» na «5,000», kati ya «Bw.» na jina linalofuata, au kati ya «uk.» na namba ya ukurasa. Mhariri anayejali mpangilio huitumia kwa makusudi. Katika Microsoft Word na LibreOffice kwenye Windows hupatikana kwa kubonyeza Ctrl, Shift na kitufe cha nafasi kwa pamoja.

Madhara yake huanza inapoingia bila kukusudiwa, hasa katika matini iliyonakiliwa kutoka tovuti, ambako watengenezaji wa kurasa huitumia kusukuma maneno mbali kidogo. Programu isiyoihesabu kuwa nafasi itaona «kwa[00A0]mfano» kuwa neno moja lenye alama tisa. Mtafsiri anayelipwa kwa idadi ya maneno hupunjwa. Aliye na kumbukumbu ya tafsiri huambiwa kwamba sentensi aliyokwisha kuitafsiri ni mpya.

Nafasi ya upana sifuri hufanya kazi iliyo kinyume. Haitengi maneno kwa macho, lakini huruhusu mstari ukatwe hapo bila kistari. Katika Kikhmer cha Kambodia, ambako maneno huandikwa yakiwa yameshikana, huonyesha mahali neno moja linapoishia na jingine linapoanzia, na bila ya hiyo kompyuta ingekata mistari ovyo. Kiswahili cha herufi za Kilatini hakina haja nayo hata mara moja. Inapoonekana humo, imetoka katika chombo fulani: programu ya kutengeneza kurasa, au mtu aliyetaka anwani ndefu ya tovuti ikatike vizuri. (Anwani hiyo ikinakiliwa, haifunguki.) Kanuni za Unicode za kugawa maneno huihesabu kuwa mpaka wa neno, kwa hiyo kita[200B]bu huhesabiwa kuwa maneno mawili, «kita» na «bu», na katika orodha ya maneno yaliyochambuliwa kwa kompyuta hujitokeza vipande visivyo na maana ambavyo mtafiti hujiuliza vimetoka lahaja gani.

Kistari laini, U+00AD, ni ruhusa tu ya kukata neno. Hakionekani mpaka mstari uishie pale kilipo. Hapo ndipo kistari huchorwa. Ni chombo kizuri kwa maneno marefu ya Kiswahili, ambayo viambishi huyafanya yavuke nusu ya safu ya gazeti: wasiojulikana, atakayewapelekea. Anayekitumia akumbuke tu kwamba ng' na ch ni sauti moja kila moja na hazikatwi katikati. Tatizo ni kwamba kistari hicho hubaki ndani ya neno hata baada ya mpangilio wa kurasa kubadilika. Kitabu kikinakiliwa kutoka PDF, neno wanafunzi huweza kufika likiwa wana[00AD]funzi, na utafutaji wa «wanafunzi» ukalipita.

Ya mwisho katika kundi hili ni U+FEFF, alama ya mpangilio wa baiti. Husimama mwanzoni kabisa mwa faili na kuiambia programu namna ya kuisoma. Zamani ilitumika pia kuunganisha maneno bila nafasi; tangu toleo la 3.2 la Unicode la mwaka 2002 kazi hiyo imekabidhiwa U+2060. Katika msimbo wa UTF-8 alama hii huwa baiti tatu, EF BB BF, na programu isiyoielewa huzionyesha kama ï»¿ juu ya ukurasa. Walimu wanaohifadhi orodha za msamiati katika lahajedwali hukutana nayo kwa namna ya ajabu kidogo: safu ya kwanza yenye kichwa «Neno» hukataa kutambulika, huku safu nyingine zote zikisomeka. Kichwa chake si «Neno» bali [FEFF]Neno.

Programu inayopanga maneno kwa kufuata namba za msimbo pekee huongeza kichekesho chake. Kwa kuwa 200B ni kubwa kuliko namba ya z, neno «abiri» lililotanguliwa na nafasi ya upana sifuri litapangwa nyuma ya «zulia».

Ritifaa ya ng'

Ritifaa si alama isiyoonekana, lakini hudhuru kwa njia ile ile, na kwa Kiswahili ndiyo inayodhuru zaidi. Alama tano hutumika kuiandika: ritifaa nyoofu ya kibodi (U+0027), ritifaa iliyopinda (U+2019), alama ya kufungua nukuu inayowekwa kwa makosa (U+2018), herufi ya ritifaa (U+02BC), na alama ya U+0060 kwa wanaobonyeza kitufe kisicho chake. Kwa hiyo ng'ombe ana njia tano za kuandikwa, na kamusi isiyozisawazisha itamjua mmoja tu kati ya hao watano.

Si tofauti ya kupuuzwa, kwa maana katika Kiswahili ritifaa hii ni sehemu ya herufi na hutenganisha maana. Ng'oa ni kutoa kitu kilichojikita ardhini au penginepo. Ngoa ni tamaa au wivu. Programu «inayosafisha» matini kwa kufuta kila kisicho herufi hugeuza la kwanza kuwa la pili bila kuacha alama ya kosa, kwa sababu yote mawili yamo katika kamusi. Ni heri kosa linalozaa neno lisilokuwapo: hilo litanaswa.

Ipi itumike? Kwa uchapaji wa vitabu, U+2019 hupendeza na ndiyo ambayo programu nyingi za kuandikia huiweka zenyewe. Kwa uchambuzi wa lugha, U+02BC ina hoja yenye nguvu, kwa kuwa Unicode huihesabu kuwa herufi, si alama ya uandishi. Lakini haimo katika kibodi za kawaida, na mtafutaji hataiandika. Kwa orodha za maneno, hifadhidata na kumbukumbu za tafsiri, U+0027 ndiyo salama: ndiyo inayotoka mtu anapobonyeza kitufe. Makala haya hutumia hiyo. Lililo muhimu zaidi ya uteuzi wenyewe ni kwamba faili moja isiwe na mbili.

Ritifaa ina gharama hata katika ujumbe mfupi wa simu. Alfabeti ya biti 7 ya GSM, inayobeba ujumbe wa alama 160, ina ritifaa nyoofu lakini haina iliyopinda, wala haina alama yoyote ya upana sifuri. Ikiingia moja tu kati ya hizo, ujumbe mzima huhamishiwa msimbo wa biti 16 ambao hubeba alama 70. Na ujumbe ukigawanywa, kila sehemu hubeba 67. Tangazo la mifugo lenye alama 150, lililoandikwa «ng'ombe», ni ujumbe mmoja. Likinakiliwa kutoka hati ya Word likiwa na «ng’ombe», ni jumbe tatu, na hulipiwa tatu, isipokuwa mtambo wa kutuma uwe umewekewa utaratibu wa kuzibadilisha alama hizo kabla.

Kiswahili cha herufi za Kiarabu

Yote yaliyotangulia yaweza kumfanya msomaji atake kufuta kila alama isiyoonekana mahali popote. Kwa Kiswahili cha herufi za Kilatini hatakosea sana. Kwa mswada wa utendi uliopigwa chapa kwa herufi za Kiarabu, ataharibu kazi ya watu.

Herufi za Kiarabu hubadilika umbo kwa kutegemea jirani zake: ipo sura ya mwanzo wa neno, ya kati, ya mwisho na ya upweke. Anayeandaa somo la kusoma maandishi ya Amu, Mombasa au Unguja huhitaji kumwonyesha mwanafunzi sura ya mwanzo ya ب ikiwa peke yake, bila herufi inayofuata. Hilo hufanyika kwa kuweka nyuma yake kiungo cha upana sifuri, U+200D, ambacho huifanya herufi ijinyooshe kama inayosubiri mwenzake. Kinyume chake ni kitenganishi cha upana sifuri, U+200C, kinachozuia herufi mbili zisishikane ingawa hazina nafasi kati yake. Katika Kiajemi kitenganishi hiki ni sehemu ya tahajia sanifu: kiambishi cha kitenzi huandikwa karibu na mzizi lakini bila kuunganishwa nao, na kukiondoa ni kuandika vibaya.

Lipo pia suala la mwelekeo. Mstari wa Kiarabu huenda kulia kwenda kushoto, wa Kilatini kushoto kwenda kulia, na chapa ya utendi yenye maelezo huwa na yote mawili katika sentensi moja. Herufi zina mwelekeo wake zenyewe; nukta, mabano na koma hazina, hivyo hufuata walio karibu. Ndiyo maana mabano ya kufungia maelezo mara nyingine huruka upande usio wake, na nukta ya mwisho wa ubeti ikajikuta mwanzoni. Dawa ya kawaida ni alama ya kulia-kwenda-kushoto, U+200F, au ya kushoto-kwenda-kulia, U+200E, iliyowekwa kando ya alama iliyopotea. Kwa vipande virefu zaidi kuna jozi za kufungia zilizoongezwa mwaka 2013, kuanzia U+2066 hadi U+2069, ambazo hutenga kipande kizima ili kisiathiri kilicho nje yake. Mhariri akizifuta kwa kudhani ni takataka, maneno yote yatabaki, ila mpangilio wake utasomeka ovyo.

Uwezo huo huo wa kupindua mwelekeo umetumiwa vibaya. Mwaka 2021 Nicholas Boucher na Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwamba alama za mwelekeo zikifichwa ndani ya programu ya kompyuta, mkaguzi husoma kitu kimoja na mashine ikatekeleza kingine. Hila ya zamani zaidi hutumia U+202E katika jina la faili, ili programu hatari ionekane kuwa picha au hati.

Matumizi ya kiungo yanayojulikana na kila mwenye simu, bila kuyajua, ni ya emoji. Picha ya mkulima mwanamke si alama moja; ni mwanamke, kiungo U+200D na suke la mpunga. Programu ya kusafisha ikifuta kiungo, msomaji hupata mwanamke na mpunga kando yake.

Vishika nafasi

Kishika nafasi kinachofahamika zaidi ni alama ya badala, U+FFFD, ambayo huchorwa kama alama ya kuuliza ndani ya almasi nyeusi: �. Programu huiweka inapokutana na baiti isiyoielewa. Mfano halisi: katika msimbo wa zamani wa Windows-1252, ritifaa iliyopinda ni baiti moja, 92. Faili hiyo ikisomwa kana kwamba ni UTF-8, baiti 92 haina maana pale, na ng’ombe huwa ng�ombe. Makosa yakienda upande wa pili, yaani UTF-8 ikasomwa kama Windows-1252, baiti tatu za ritifaa hugeuka alama tatu, na hupatikana ngâ€™ombe.

Wengi huiogopa ya pili kwa sababu ya ubaya wa sura yake. Inayostahili kuogopwa ni ya kwanza. Katika ngâ€™ombe baiti zote bado zipo. Ikisomwa upya kwa msimbo wake sahihi, neno hurudi kama lilivyokuwa. Katika ng�ombe, faili ikishahifadhiwa, kilichoandikwa ni alama ya badala yenyewe na asili imepotea. Mswahili atajua kwamba hapo palikuwa na ritifaa, lakini katika sentensi yenye nukuu, vistari virefu na majina ya kigeni, alama zote hizo zitakuwa zimegeuka � ile ile moja. Na anayekutana na ngï¿½ombe ajue kwamba kosa limefanyika mara mbili: kwanza asili ilipotea, kisha alama ya badala nayo ikasomwa vibaya.

Kisanduku kitupu kinachojitokeza mahali pa herufi ni jambo jingine kabisa, ingawa watu huvichanganya. Hicho si alama iliyo katika matini, bali ni mchoro wa fonti isiyo na umbo la herufi inayotakiwa. Matini ni nzima. Fonti ikibadilishwa, herufi huonekana. Watu wa fonti wamezoea kukiita «tofu» kwa kufanana kwake na kipande cha jibini ya soya, na familia ya fonti za Noto ya Google ilipata jina lake kutokana na nia ya kuviondoa.

Alama ya badala ya kitu, U+FFFC, hushika nafasi ya picha au jedwali lililokuwamo katikati ya maneno. Matini ikinakiliwa bila picha, alama hiyo huweza kubaki, na programu nyingine huionyesha kama kisanduku chenye maandishi madogo OBJ. Inaweza kufutwa bila hasara, baada ya kuhakikisha kwamba picha haikuwa sehemu ya maana.

Duara la vitone, ◌ au U+25CC, ni la walimu. Fataha, kasra na dhumma haziwezi kusimama hewani; zinahitaji herufi ya kuzibeba. Anayetaka kuzionyesha peke yake huziweka juu au chini ya duara hilo, au juu ya nafasi isiyokatika, ambayo Unicode huipendekeza kwa kazi hii. Mara nyingine programu yenyewe huchora duara pale harakati ilipokosa mbebaji. Hapo duara halimo katika faili, na kulitafuta ili kulifuta ni kazi bure; kinachotakiwa ni kurudisha herufi iliyopotea.

Kijazio cha Hangul, U+3164, kiliwekwa kwa ajili ya maandishi ya Kikorea ili kishike nafasi ya herufi isiyokuwapo katika silabi. Siku hizi hutumiwa zaidi na wanaotaka jina tupu katika michezo na mitandao, kwa kuwa mifumo mingi huihesabu kuwa herufi huku jicho halioni kitu. Breli tupu, U+2800, hutumika hivyo hivyo: ni ya kwanza katika michoro 256 ya nukta nane, ile isiyo na nukta yoyote, na Unicode haiihesabu kuwa nafasi.

Kuzitambua na kuzisafisha

Njia rahisi haihitaji programu maalumu. Weka kasa mwanzoni mwa neno na ubonyeze mshale wa kulia mara moja moja ukihesabu. Mahali ambapo kasa haisogei ingawa mshale umebonyezwa, pana alama iliyojificha. (Ritifaa ya ng' ni hatua yake yenyewe, isihesabiwe kuwa kosa.) Katika Word kwenye Windows, kasa ikiwa mara tu baada ya alama hiyo, Alt na X kwa pamoja huigeuza kuwa namba yake, kubonyeza tena huirudisha. Katika kisanduku cha kutafutia cha Word, ^s hutafuta nafasi isiyokatika.

Watumiaji wa lugha za programu wasitegemee amri ya kupunguza nafasi za kandoni. Katika Python, strip huondoa nafasi isiyokatika lakini huiacha U+200B na U+FEFF. Katika JavaScript, trim huondoa U+FEFF lakini nayo huiacha U+200B. Usawazishaji wa aina ya NFKC hugeuza nafasi isiyokatika kuwa nafasi ya kawaida, ila hauzigusi alama za upana sifuri wala kistari laini, na haugeuzi ritifaa iliyopinda kuwa nyoofu. Kila moja inabidi itajwe kwa namba yake.

Kwa Kiswahili cha Kilatini, mpangilio unaofaa ni huu: tunza nakala ya asili, badilisha ritifaa zote za ng' ziwe za aina moja, huku ukiziacha alama za nukuu zilizo nje ya neno, ondoa U+200B, U+00AD na U+FEFF, geuza U+00A0 kuwa nafasi ya kawaida katika orodha za maneno, lakini uiache katika matini inayokwenda kuchapwa. U+FFFD isifutwe kamwe kwa amri ya jumla. Kila moja irejewe katika asili, kwa jicho, kwa sababu ng�oa ikifutiwa alama yake itabaki ngoa, na hapo hakuna programu ya kukagua tahajia itakayosema neno.